Sharlyne Ana Mkubwa Wake

S.L.P. 118,
Busia.

Jumatatu, 9 Machi 2026

Mpendwa dada Mourine,

Mzee amekataa kukaa kwenye kiti cha baba siku ya mahari ya Sharlyne. Aliyasema hayo jana Jumapili baada ya ibada, akiwa barazani kwake Matayos, mbele ya Sharlyne mwenyewe, mchumba wake Ongodia, mama yako na mimi. Nimelitanguliza hilo kwa sababu ndilo jambo jipya, na kwa sababu najua ungeruka salamu ukatafute habari za Mzee kwanza, hata kama ungekana.

Sasa salamu. Hujambo wewe, na Quinton, na watoto? Baridi ya Edmonton imelegea au bado mnatoka nyumbani mmefungwa nguo kama magunia? Barua yako ya mwisho ilisema bega la kulia linakusumbua kwa sababu ya kuwainua wagonjwa. Uliliangalia? Niandikie ukweli, usiniandikie "namshukuru Mungu" halafu ukanyamaza.

Huku tu wazima, kwa kiasi cha watu wanaolala kidogo. Mvua imeanza wiki iliyopita, nusu ya majirani wamepanda mahindi na nusu wanasema ni mvua ya uongo. Mke wangu Naliaka bado anafundisha shule ileile na sauti imemkauka kwa darasa la watoto wengi. Mimi niko barabarani kati ya Busia na Malaba kama ulivyoniacha. Wiki hii foleni ya malori imerudi nyuma karibu hadi Amagoro, madereva wanapika chini ya trela, na mhariri Nairobi ananiuliza kila asubuhi kama kuna jipya. Jipya ni kwamba foleni ni ileile. Nimechoka, dada, lakini si uchovu wa kuugua.

Ulitoka kwenye kundi la familia la WhatsApp ukaomba habari za Mzee zisitumwe kwako kwa simu. Nimeliheshimu ombi hilo. Karatasi hukuikataza. Barua hii ataibeba Raisa, binti wa Abdulnoor mwenye duka la vipuri pale Busia, ambaye Alhamisi anarudi chuoni huko kwenu. Nimempa pia majani ya chai na karanga. Dagaa za omena amezikataa, anasema zitamfukuzisha kwenye ndege.

Niruhusu niyapange mambo tangu mwanzo, hata yale unayoyajua kuliko mimi, kwa sababu natumaini Quinton naye atasoma na yeye hakuyaona.

Mzee Wandera, baba yako na kaka mkubwa wa marehemu baba yangu, alikuwa baba wa nchi nzima kila Jumapili jioni. Kipindi chake cha runinga kiliitwa Nyumba ya Mzee Ndita. Yeye ndiye aliyekuwa Mzee Ndita, mwenye uso uliokunjwa tangu asubuhi. Watoto wakiomba viatu, anakataa. Wakiomba ruhusa ya kwenda kucheza, anakataa. Kisha kabla kipindi hakijaisha unamwona akivificha viatu vipya chini ya kitanda cha mtoto huku analalamika kwamba nyumba hii itamuua. Mtoto akimkumbatia anamsukuma kwa kidole kimoja na kusema, "Usinizoee!" Mpaka leo hawezi kuvuka barabara pale stendi ya Busia. Wabadilishaji fedha wanamwita, waendesha boda boda wanamwita, na Waganda waliokuja kuuza ndizi wanamwita kwa sauti kubwa kuliko wote. Wiki iliyopita mmoja alimpigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara, "Mzee Ndita, nizoee kidogo tu!" Mzee akamjibu, "Nikuzoee wewe, halafu nani atakurudisha kwenu?" Watu walicheka mpaka askari akaja kuangalia kuna nini.

Sharlyne ndiye aliyeigiza mtoto wa mwisho wa nyumba ile ya runinga. Mama yake, Edinah, alikuwa fundi wa kushona nguo za waigizaji, hakuwa na mume, na alipofariki mtoto alikuwa darasa la tano. Wajomba zake wa Port Victoria walimzika dada yao vizuri, lakini hakuna aliyekuwa na nafasi ya mtoto. Mzee alimpakia kwenye basi pamoja na sanduku lake akamleta Matayos. Hakumuuliza mtu. Wewe ulikuwa bwenini, kidato cha pili. Ulirudi likizo ukakuta kitanda chako kina mtu.

Hilo silisahau, na sikuandikii kukuambia ulikosea kukasirika. Nilikuwepo. Nakumbuka pia siku za wazazi shuleni kwako ambazo mama yako alikuja peke yake kwa sababu Mzee alikuwa Nairobi akirekodi vipindi vya kumpenda mtoto mwingine. Nchi nzima ilikuambia una bahati ya kuwa na baba yule. Nakumbuka ulichokuwa ukijibu, na hakifai kuandikwa kwenye barua itakayobebwa na binti wa Abdulnoor.

Halafu ulipofunga ndoa na Quinton kwa msajili huko Kanada ulimpigia Mzee simu. Ulimwambia hutaki ng'ombe waletwe nyumbani kwa ajili yako, kwamba wewe si wa kupelekwa sokoni, na kwamba yeye ana binti mwingine wa kumpokelea. Alijibu neno moja, "Sawa." Akaniwekea simu mkononi, akaenda kukata majani ya ng'ombe. Wote tuliichukua "sawa" ile kama mwisho wa mazungumzo. Hapo ndipo tulipokosea, na nitakueleza kwa nini.

Sharlyne sasa ni wakala wa forodha pale Malaba. Ofisi yake ni nusu ya kontena, na anafahamu kila dereva anayevuka kwenda Kampala. Ongodia, mchumba wake, ni Mteso wa upande wa Kocholia, daktari wa mifugo, mtu mkubwa wa mwili na mpole wa maneno. Wamekuwa pamoja muda wa kutosha kwa watu wazima kujua wanachotaka. Wajomba wa Port Victoria waliulizwa. Walisema aliyemlea ndiye atakayekaa kwenye kiti cha baba siku ya mahari. Wao wanaomba mbuzi wao wa ujomba na soda. Kwa hiyo njia ilikuwa wazi.

Wazee wa kina Ongodia walipoomba siku mara ya kwanza, Mzee aliwatumia ujumbe kwamba Matayos kuna karantini, ng'ombe hawaruhusiwi kuingia, ugonjwa wa midomo na miguu umezuka. Fikiria, dada. Alimwambia hivyo daktari wa mifugo. Ongodia alikuwa amepita Matayos juzi yake akichanja ng'ombe, na alijua hakuna karantini hata ya kuku. Kwa heshima akaenda kuwaambia wazee wake kwamba karantini ipo. Mara ya pili Mzee alisema ni goti. Goti ni kweli linauma, lakini siku hiyohiyo lilimpeleka soko la Matayos na kumrudisha.

Mara ya tatu walimtuma Ongodia mwenyewe aje na Sharlyne, jana. Wazee wamesema hii ndiyo ya mwisho. Wanaona wanadharauliwa kwa sababu ni Wateso. Wakikataliwa tena watamwambia kijana wao atafute kwingine, na Ongodia si mtu wa kuoa kwa kuwapita wazazi wake.

Walifika saa ya chai. Mzee alikuwa kwenye kiti cha plastiki na redio mapajani. Sharlyne alimwamkia, akaweka mfuko mezani.

"Mmekuja kunimalizia sukari au mmeleta?" akauliza Mzee.

"Tumeleta, Mzee. Kilo mbili."

"Daktari amenikataza sukari. Mnataka nife mrithi nini? Redio?"

"Redio yenyewe inashika kituo kimoja," mama yako akasema kutoka jikoni. "Kufa tu, hakuna atakayegombania."

Ongodia alicheka, halafu akakumbuka yuko ukweni akaacha. Alikuwa anaangalia mguu ambao Mzee ameunyoosha juu ya kigoda.

"Wewe unaliangalia goti langu la nini?" Mzee akamwambia. "Mimi si ndama."

"Hapana, Mzee. Naona limevimba upande wa ndani."

"Basi liandikie sindano ya ng'ombe tumalize."

Mpaka hapo ilikuwa Jumapili ya kawaida, na nilidhani mambo yataenda vizuri. Sharlyne akapiga magoti karibu na kiti, akasema wazee wa kina Ongodia wanaomba Jumamosi ya tarehe 18 Aprili, na kwamba hawataomba tena.

Mzee alizima redio.

"Waje, wasije, shauri yao," akasema. "Mimi hicho kiti sikikalii. Mtafute mtu."

"Nani, Mzee?"

"Mtu."

"Nimekukosea wapi?"

"Nimesema umenikosea?"

"Basi sababu ni nini? Niambie mbele ya Ongodia akawaambie wenzake. Mimi nimechoka kuwadanganya wazee wa watu."

Mzee alizungusha kitufe cha redio iliyozimwa. Sharlyne akasimama, akapangusa magoti, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayemjibu dereva.

"Kumbe yote yalikuwa ya runinga tu. Ni sawa. Mimi ndiye niliyezoea."

Na Mzee, kwa sababu hana akili pale anapoihitaji zaidi, akamwambia, "Ndiyo nakuambia kila siku, usinizoee."

Sharlyne aliondoka kwa miguu hadi barabarani. Ongodia alimuaga kila mtu kwa mkono, pamoja na Mzee, kisha akamfuata. Chai haikunywewa.

Nilibaki. Nilimuuliza Mzee sababu kwa njia kadhaa, kama ninavyowauliza wakubwa wanaokwepa. Aliwasha redio. Nikaenda jikoni kwa mama yako. Alikuwa anarudisha chai kwenye sufuria, na hakuniangalia.

"Willis, wewe unaulizanga wakubwa mpaka wanatoka jasho," akasema. "Hapa nyumbani unashindwa kuuliza kwa nini lile zizi liko tupu?"

Zizi lile hujaliona, lilijengwa baada yako. Liko upande wa chini, kabla ya shamba la mihogo, la nguzo za mikaratusi, na lango lake linaweza kupitisha ng'ombe wawili sambamba. Mzee alilijenga mwaka uleule ulioolewa. Ng'ombe wake wawili hawalali humo, anawafunga nyuma ya jiko. Kila kiangazi hubadilisha nguzo zilizooza na kufyeka majani ndani. Majirani wanaliita zizi la hewa. Nimemtania kwa zizi hilo mimi mwenyewe, na wanangu wamechezea mpira humo mpaka wakafukuzwa kwa fimbo. Sote tulidhani ni ukaidi wa mzee mwenye muda mwingi.

"Ni la nani?" nikamuuliza mama yako.

"La nani tena? Umewahi kuona baba anafuga ng'ombe wake kwenye zizi la binti aliyeolewa kabla wa mahari hawajaja?"

Nilimkuta Mzee huko chini, ameegemea lango. Nadhani alijua nimetumwa. Nilimwambia moja kwa moja kwamba Mourine alikataza, kwamba Sharlyne si damu yake, na kwamba hakuna mtu Matayos yote atakayemlaumu akipokea ng'ombe wa Sharlyne kwanza. Jibu lake nakuandikia kama alivyolisema.

"Kama ni mtoto wa watu, mimi nakalia kiti cha nini? Na kama ni wangu, ana mkubwa wake. Mdogo hapiti. Chagueni moja."

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia Sharlyne hivyo.

"Nimwambie nini? Kwamba anacheleweshwa na dada yake? Unataka wachukiane zaidi?"

"Na Mourine? Kwa nini hukumwambia yeye?"

"Alisema hataki. Nikasema sawa. Mtu mzima ukisema sawa, unaanza tena kulia lia kwenye simu?" Halafu akaniangalia. "Ukimwandikia, andika hivyo hivyo. Usiniwekee maneno yako ya gazeti."

Sijaweka.

Huku kwetu wewe unaujua utaratibu. Ng'ombe wa mdogo wakiingia kabla ya wa mkubwa, mkubwa amerukwa, na watu watamsema kama msichana ambaye kwao walimkatia tamaa. Sisi tulihesabu kwamba wewe ulishajitoa kwenye hesabu hiyo na Sharlyne hakuwahi kuwa ndani yake. Mzee peke yake ndiye aliyekuwa bado anahesabu mabinti wawili. Karantini na goti vilikuwa ni kuwalinda nyote wawili, kwa namna yake mbovu, mmoja asirukwe na mwingine asiambiwe kwamba si wa nyumba. Matokeo yake kila mmoja wenu anaamini ndiye aliyetupwa.

Leo asubuhi nilipanda Malaba. Nilikuwa na kazi ya foleni hata hivyo. Sharlyne alikuwa kwenye kontena lake na dereva mmoja mlangoni anampigia kelele.

"Sharlyne, gari yangu itatoka leo ama nioe tu hapa Malaba?"

"Oa, mzee. Ukimaliza harusi foleni utaikuta."

Dereva alipoondoka nilimweleza alichosema Mzee. Aligonga muhuri kwenye karatasi zilizokuwa mbele yake mpaka zikaisha. Macho yake yalikuwa mekundu tangu kabla sijafika.

"Huyu mzee ataniua," akasema. "Kinywa anacho. Angesema tu."

"Umewahi kumsikia akisema?"

"Kwa TV." Akacheka kidogo, si kwa furaha. "Kwa TV kulikuwa na mtu wa kumwandikia."

Nimelifikiria hilo njia nzima ya kurudi. Aliyeandika maneno ya Mzee Ndita alikuwa kijana wa Nairobi ambaye hata mtoto hakuwa naye. Viatu chini ya kitanda, blanketi la kumfunika mtoto usiku, yote yalikuwa yake. Mzee aliyakariri. Nyumbani hakuna aliyempa karatasi, na wewe ndiye uliyempata bila karatasi. Silisemi hili kumtetea. Mtu aliyeweza kuyasema maneno yale mbele ya kamera kwa miaka yote ile angeweza kuazima hata moja akaja nalo Matayos.

Sharlyne ameniagiza nikuambie mambo mawili. La kwanza, yeye hakukuomba kitanda chako, aliwekwa. La pili, hataki ulazimishwe jambo lolote kwa ajili yake, na ukisema hapana hatakuchukia. Kisha akaongeza kwamba hana nguvu tena ya kuwangoja watu wenye kiburi cha aina moja. Nilimuuliza anamaanisha nani na nani. Akasema, "Baba na binti yake. Mimi nimekaa katikati yenu tangu darasa la tano."

Ongodia aliuchukulia uamuzi huu vizuri kuliko nilivyotarajia. Aliponipigia mchana alisema wazee wake wakielezwa sababu ni dada mkubwa wataielewa bila maelezo ya ziada, kwa sababu kwao pia ni hivyo. Kilichowaudhi ni karantini. Ila tarehe 18 Aprili hawataisogeza. Baba yake amekwisha kuwaalika ndugu wa Tororo, na hawezi kuwaalika mara ya nne.

Kuna jambo moja nimelifanya bila ruhusa yako, na nakuambia kabla hujalisikia kwingine. Nilimpigia simu Mzee Mukhwana wa Kimilili, baba mkubwa wa Quinton. Sikumwomba chochote. Nilimuuliza tu kwa nini hawakuwahi kuja Matayos, kwa sababu nilikuwa nimesikia upande mmoja. Alicheka kwanza.

"Wewe kijana, sisi ng'ombe tulitenga kitambo," akasema. "Wengine wamezaa. Bibi harusi mwenyewe ndiye alitukataza. Sasa tukiingia kwa watu na ng'ombe bila kuitwa, si watasema tumekuja kuwaibia?"

Nilimuuliza kama wakiitwa wangehitaji muda gani. Akasema Jumamosi yoyote, mradi si ya mazishi. Nikamtajia Jumamosi ya tarehe 11 Aprili, wiki moja kabla ya kina Ongodia, bila kumwahidi. Akasema wataitunza.

Kwa hiyo mambo yamesimama hivi. Kimilili wako tayari. Kocholia wako tayari. Port Victoria wanangoja mbuzi wao. Mzee hatasogea, na sasa najua sababu, na sitamlaumu, ingawa ningependa. Kinachokosekana ni neno lako kwamba watu wa Quinton wana ruhusa ya kuja. Huhitaji kusafiri. Huhitaji kumsamehe mtu, wala kusema kwamba yaliyopita yalikuwa madogo. Wazee wakikubaliana kwa niaba yako inatosha, shangazi anaweza kusimama mahali pako. Ukisema hapana, tarehe 18 itapita, na Sharlyne atabaki na kontena lake. Sitaki kuifanya habari iwe nyepesi kuliko ilivyo, wala nzito kuliko ilivyo.

Mama yako hajasema chochote kuhusu atakavyo yeye. Jana jioni alinifungia mayai ya kuwapelekea watoto wangu, akaniambia kuku aliobaki nao hatawauza mwezi huu. Hiyo ndiyo taarifa yake yote.

Naliaka anakusalimu sana, anasema picha za watoto kwenye theluji zilimtia baridi hapa hapa Busia. Mama yako Selpha anawabusu wajukuu, anataka kujua kama mdogo ameacha kukohoa. Shangazi yako Brendah wa Nambale anasema bado anaidai ile leso uliyoondoka nayo. Abdulnoor anakuombea dua na anamkabidhi Raisa kwako kama binti yako. Akikosa chakula, mpe. Nisalimie Quinton, umwambie baba yake mkubwa ana sauti ya kijana. Mungu awape usingizi wa kutosha, akupunguzie wagonjwa wazito, na awafikishe watoto wako siku moja kwenye udongo huu mkiwa na amani nao.

Leo jioni nikitoka Malaba nilimpitia Mzee, nikamwambia nakuandikia. Akasema nipoteze karatasi yangu nipendavyo. Nikamwambia kwamba Jumapili ya tarehe 29 Machi, saa kumi jioni hapa, ambayo kwako itakuwa saa moja asubuhi, nitakuwa barazani kwake na simu itakuwa juu ya meza, na kwamba ukipiga nitampa yeye aipokee. Alisema hataipokea. Nilipokuwa nawasha pikipiki alinifuata hadi langoni na fimbo yake, akaniuliza kama hiyo simu yangu inakaa na chaji, na kama Matayos mtandao wa jioni ni mzuri, au nije saa tisa tujaribu kwanza.

Ni mimi ndugu yako, ninayekukumbuka bila kungoja barua,

Willis